Kiuno cha Jiko

Jiko la mkaa lenye udongo ndani limezoeleka kwetu hata hakuna anayelitazama tena. Liko uani, liko nyuma ya genge, liko kando ya barabara chini ya kikaango cha mihogo. Hununuliwa siku moja na ndoo na beseni, hutumika mpaka linachakaa, kisha hununuliwa jingine. Mimi naliweka miongoni mwa kazi bora za ubunifu wa vifaa zilizowahi kutoka Afrika Mashariki, na sisemi hivyo kwa kuwa ni letu. Nalisifu kwa sababu kila sehemu yake, nikiuliza kwa nini iko hivyo, ina jibu.

Tuanze na umbo. Ukilitazama kwa ubavu ni pana juu, limebanwa katikati, kisha limepanuka tena chini, kama ngoma iliyokazwa kiuno. Juu ndimo kilimo chungu kinene cha udongo uliochomwa, chenye matundu kwenye kitako, na mkaa hukaa humo. Chini ni patupu. Jivu hudondokea huko, na hewa huingilia huko kupitia kimlango cha bati kinachofunguka na kufungika. Kuna vishikio viwili pembeni, na kwenye mdomo kuna mafiga matatu ya chuma ya kukalishia sufuria. Basi. Hakuna skrubu, hakuna feni, hakuna karatasi ya maelekezo. Jina lake la kazi ni Kenya Ceramic Jiko. Lilipoingia Tanzania likaitwa Jiko Bora, na leo huhesabiwa katika kundi la majiko banifu.

Kabla yake palikuwa na jiko la bati tupu. Husimuliwa kwamba mtindo wake uliletwa na mafundi wa Kihindi waliokuja wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, na ukaenea mijini kwa sababu mtu yeyote mwenye nyundo na bati la pipa aliweza kuuiga. Lilikuwa jepesi na la bei nafuu, ila lilipasha joto kila kitu kilicholizunguka kabla ya kupasha chakula. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba katika joto lote la mkaa, ni asilimia 10 hadi 20 tu iliyofika kwenye sufuria. Zaidi ya nusu ilipotelea kwenye kuta za bati. Mpishi alilijua hilo bila kipimo, kwa sababu lilimchoma miguu.

Upotevu huo una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana jikoni. Mkaa wenyewe ni mabaki ya upotevu mwingine. Katika tanuri la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa udongo na majani, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za mti. Kwa hiyo anayechoma mkaa wa sufuria moja ya maharage katika jiko bovu anachoma mzigo wa kuni ambao hajawahi kuuona, kutoka msitu ambao huenda uko mamia ya kilomita kutoka kwake. Mtu akipunguza gunia moja mjini, amepunguza magunia mengi ya miti kule ulikotoka mkaa.

Agosti 1981 Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, vile visivyokwisha. Dunia ilikuwa bado inauguza majeraha ya bei ya petroli ya miaka ya 1970. Huku kwetu, mgogoro wa nishati kwa wengi ulikuwa bei ya mkaa na umbali wa kuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Nishati ya Kenya, kwa msaada wa Marekani, ilikuwa na mradi uliotafuta jiko bora la mkaa, na muungano wa mashirika yasiyo ya serikali uliojulikana kama KENGO ukaingia katika kazi ya kulieneza. Jina linalotajwa zaidi upande wa ubunifu ni la Mkenya Maxwell Kinyanjui.

Mfano wa kuanzia haukuwa wa hapa. Ulitoka Thailand, ambako watu walipikia jiko la ndoo: ndoo ya bati iliyojazwa udongo uliochomwa kuanzia juu mpaka chini. Kanuni yake ni nyepesi. Bati hupitisha joto upesi, udongo uliochomwa hulizuia. Ukiuzungusha mkaa kwa ukuta mnene wa udongo, joto linakosa njia ya kutokea ubavuni, linapanda juu iliko sufuria. Wabunifu wa Nairobi wangeweza kulichukua jiko hilo lilivyo na kulipa jina jipya, kama tulivyofanyiwa kwa vitu vingi. Badala yake waliligeuza, na kugeuza huko ndiko kunakonifanya niandike.

Ndoo iliyojaa udongo ni nzito, na udongo wote huo ni gharama. Tena udongo na bati havipanuki kwa kiasi kimoja vinapopata moto, wala havinywei kwa mwendo mmoja vinapopoa. Vikibanwa pamoja kwa kimo chote cha ndoo, kila mlo ni mvutano, na anayeshindwa mwishoni ni udongo: unapata ufa. Ukiibana ndoo katikati, mambo mengi yanatatuka kwa pamoja. Chungu hakihitaji tena kufika chini. Kinakaa nusu ya juu tu, kikiegemea mteremko wa bati, na kiuno ndicho kinachokibeba. Kikisogea kidogo kwa joto, mteremko unakirudisha mahali pake. Udongo umepungua, kwa hiyo jiko ni jepesi, mama anaweza kulihamisha kutoka uani kuliingiza barazani mvua inaponyesha. Nusu ya chini imebaki tupu kwa ajili ya jivu na hewa. Na kitako kimepanuka, ili jiko lisipinduke.

Hilo la mwisho si dogo. Anayepika ugali wa watu wanane hasongi kwa vidole viwili. Anashika sufuria, anakaza mwiko, anausukuma kwa nguvu ya bega, na nguvu yote hiyo inateremka kwenye jiko. Jiko lenye kitako chembamba lingepinduka na moto wake. Nimeona majiko ya kisasa mazuri kwa macho, yaliyofanya vizuri maabara kwa kuchemsha maji, ambayo hayawezi kustahimili ugali. Waliotengeneza hili waliweka mwiko kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa twende kwenye mikono. Upande wa bati, ukifika Shauri Moyo au Gikomba jijini Nairobi, unaisikia kazi kabla hujaiona. Fundi wa jua kali, yaani wa karakana za wazi za mitaani, analaza bati chini, anaweka kigezo juu yake na kuchora ukingo kwa msumari. Kipande anachochora hakikunyooka, kimekatwa kwa upinde, kwa sababu kipande kilichonyooka kikiviringishwa hutoa kopo, na chenye upinde hupanuka upande mmoja na kubana upande wa pili. Jiko zima ni vipande viwili vya namna hiyo vilivyogeuziana migongo. Anakata kwa mkasi wa bati. Kisha anakalisha ukingo juu ya kipande cha reli, anaukunja kwa nyundo kiasi cha upana wa kidole, mmoja ukitazama ndani na wa pili nje. Anaviringisha bati kwa mikono mpaka kingo mbili zikutane, anaziumanisha, halafu anazilaza kwa mapigo mafupi ya haraka yanayotembea kutoka mwanzo wa mshono hadi mwisho. Hakuna kulehemu wala gundi, ila mkunjo ulioshikana na mkunjo mwenzake. Vipande viwili huungana kiunoni. Kimlango hukatwa kwa tindo, na mafiga hutoka kwenye chuma kigumu zaidi, mara nyingi mabaki ya mapipa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayokaa karibu na moto siku zote.

Nyundo ya fundi mzoefu haipigi kwa hasira. Anajua kwamba bati likipigwa sana mahali pamoja hutanuka na kuvimba, na mshono uliovimba hautalala tena. Kwa hiyo mapigo yake ni mengi na mepesi.

Mfinyanzi yuko mahali pengine kabisa, karibu na udongo wake. Anauchuja mawe, anauloweka, anaukanda mpaka utoke hewa, na kama ni laini kupita kiasi anautia mchanga ili usipasuke motoni. Anaubandika kwenye kalibu na kuusawazisha kwa ndani ili unene uwe mmoja pande zote. Kisha anasubiri. Matundu ya kitako hayatobolewi udongo ukiwa mbichi, yataziba. Wala ukiwa mkavu, utavunjika. Hutobolewa udongo unapokuwa umeshika lakini bado unakubali kisu. Tundu likiwa kubwa mno mkaa hudondoka ungali hai, likiwa dogo mno jivu huliziba na moto unakosa pumzi. Baada ya hapo chungu huanikwa kivulini kwa siku kadhaa, maana jua kali hukausha nje kabla ya ndani na ufa unaanza hapo hapo, kabla ya moto wowote. Ndipo kinaingia tanurini.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi nalistaajabia kuliko yote. Udongo hunywea. Hunywea ukikauka, hunywea tena ukichomwa, na udongo wa mto huu haunywei sawa na wa kilima kile. Mfinyanzi lazima atengeneze kalibu kubwa kuliko chungu anachokitaka, kwa kadiri anavyoujua udongo wake. Fundi wa bati naye anakata kwa kigezo chake, mahali pengine. Watu wawili ambao huenda hawajawahi kuonana wanatakiwa watoe vitu viwili vitakavyoingiana. Viwandani kazi hiyo hufanywa na mashine za kupima kwa sehemu za milimita. Wabunifu wa jiko hawakuwa na mashine hizo, wala hawakumlaumu fundi kwa kutokuwa nazo. Waliacha nafasi kati ya bati na chungu, na nafasi hiyo hujazwa mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, madini mepesi ambayo yakipashwa moto huvimba na kujaa hewa. Mchanganyiko huo unafanya kazi tatu: unagandisha chungu kwenye bati, unazuia joto lililobaki lisitoke, na unasamehe tofauti za vipimo. Chungu kikiwa kidogo, mchanganyiko unakuwa mnene zaidi. Kikiwa kikubwa, unakuwa mwembamba. Jiko linasimama sawa.

Kusamehe huko ndiko kulikoliwezesha kusambaa. Kifaa kinachodai usahihi wa kiwanda kingebaki kiwandani. Hiki kilikubali mikono iliyokuwapo, vifaa vilivyokuwapo na soko lililokuwapo. Fundi aliyekuwa akitengeneza jiko la bati tupu alihitaji kujifunza mkunjo mmoja au miwili mipya. Mpishi hakuhitaji kujifunza kitu chochote: sufuria yake ni ile ile, mkaa ni ule ule wa kopo au wa kisado, kukaa kwake kwenye kigoda ni kule kule. Miradi mingi ya majiko ilianguka kwa sababu ilimtaka mama abadili sufuria, chakula, saa ya kupika na mahali pa kukaa, kisha ikamwita mshamba alipokataa. Hili halikumdai chochote, likampunguzia matumizi ya mkaa kwa kati ya theluthi na nusu.

Hata hivyo mwanzo haukuwa mteremko. Majiko ya kwanza yaliuzwa ghali, kama dola 15, bei ambayo mnunuzi wa mitaa ya Nairobi kama Eastleigh au Kawangware hakuwa nayo. Serikali haikutoa ruzuku kwa mnunuzi. Kilichofanyika ni kuwafunza mafundi wengi kadiri ilivyowezekana na kuacha washindane, na bei ikashuka mpaka chini ya dola 5. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo. Wazo likavuka mipaka kwenda Tanzania, Uganda, Rwanda, Ethiopia, Sudan, Malawi, hadi Ghana na Senegali, na kila mahali likabadilishwa kidogo na mafundi wa pale.

Ushindani huo huo ulileta pia udongo mbaya. Aliyetaka kuuza kwa bei ya chini kuliko jirani alipunguza kuni za tanuri, akatoa chungu kilichoiva nusu. Wengine walipunguza saruji, wengine wakatumia bati jembamba lililochoka. Jiko la namna hiyo linapakwa rangi, linang'aa sokoni, na baada ya miezi michache udongo unameguka vipande. Mnunuzi aliyetendwa hivyo hulaumu aina nzima ya majiko. Wapo wanaosema ubunifu huu ungefungwa kwa hataza na kutengenezwa na wachache wanaosimamiwa. Sikubaliani nao. Ungefungwa, tungekuwa na majiko machache mazuri madukani, na wengi wangebaki na bati tupu linalochoma miguu. Dawa ya udongo mbaya ni mafunzo, ukaguzi, na mnunuzi anayejua kuchagua.

Nisilipe jiko sifa zisizo zake. Halifanyi miujiza kwenye chai ya haraka, kwa sababu chungu chenyewe kinakula joto kabla hakijaanza kulitunza. Faida yake huonekana kwenye githeri, makande na maharage: sufuria ikishachemka unasukuma kimlango, hewa inapungua, na mkaa uliobaki unaendelea kuivisha taratibu huku wewe ukifanya shughuli nyingine. Halikuundwa kwa kuni. Kwa ajili ya kuni kuna ndugu yake, Maendeleo, lililopewa jina la shirika la akina mama la Kenya, Maendeleo ya Wanawake, na baadaye likajulikana kama Upesi: chungu cha udongo kinachojengewa kwa matope ndani ya jiko la kijijini. Magharibi mwa Kenya vikundi vya akina mama wafinyanzi, kama Keyo wa Kisumu, wamefinyanga vyungu hivyo kwa miaka mingi na kujipatia riziki.

Wala halikuiokoa misitu. Miji yetu ilikua kwa kasi kuliko akiba ya jiko lolote, na malori ya mkaa yakaongezeka. Na hewa ya mkaa ni ile ile: inaua katika chumba kilichofungwa, udongo uwe mzuri namna gani. Asitokee mtu wa kuliingiza chumbani usiku wa baridi kwa sababu ameambiwa ni jiko bora.

Ndiyo maana sipingi kinachoendelea sasa. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa Tanzania wa miaka kumi, unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nairobi na Dar es Salaam gesi imeingia nyumba nyingi, na majiko ya umeme yanafuata. Kule Ruiru, karibu na Nairobi, kampuni ya BURN hutengeneza majiko ya mkaa kiwandani, na Jikokoa lake, lililoingia sokoni mwaka 2013, ni zuri na linafanana moja hadi jingine kwa namna ambayo jua kali haiwezi. Lakini mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi, watu wanarudi uani kuliwasha lile la udongo. Litakuwa nasi kwa miaka mingi bado, na wanaobuni vifaa vya gesi na umeme wangefanya vema wakae siku nzima Shauri Moyo wakiangalia jinsi lilivyowaheshimu fundi na mpishi.

Nawe msomaji, ukienda kununua, usivutwe na rangi. Gonga chungu kwa kifundo cha kidole: kilichoiva hulia kwa sauti kali, kisichoiva hutoa sauti butu. Pitisha kidole kwenye matundu uone kama yamefunguka yote. Angalia saruji kati ya bati na udongo, isiwe na mwanya. Sukuma kimlango mara mbili tatu, kiende na kurudi bila kukwama. Lipa zaidi kidogo kwa fundi anayekubali kukuonyesha haya bila haraka, kisha ukumbuke alipo. Udongo hufa kabla ya bati. Siku chungu kitakapopasuka, usilitupe jiko wala usinunue jipya: lirudishe kwake, mwambie akubadilishie chungu tu.